Mstari wa Maua Chini ya Miringa

Wanja alirudi kwao mwezi wa Januari akiwa na sanduku moja, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na gunia dogo ambalo hakutaka mtu amsaidie kubeba. Ruguru, mke wa kaka yake, alilitazama gunia hilo zaidi kuliko alivyomtazama mgeni mwenyewe. Mtu anayerudi nyumbani baada ya ndoa ya miaka mingi huwa na mengi ya kueleza, lakini Wanja hakueleza. Alisema tu kwamba mambo ya Kerugoya yamekwisha, kwamba mumewe amebaki na mwanamke mwingine, na kwamba angeomba asiulizwe zaidi. Kisha akauliza kama kuna mahali pakavu pa kuweka gunia, pasipofika jua.

"Kwani umebeba nini, mbegu ya viazi?" Ruguru aliuliza.

"Ni maua."

"Maua?"

"Vitunguu vya maua. Ya msituni. Saa hii yamelala, mvua ikija yataamka."

Ruguru akasema sawa, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya chai. Lakini jambo hilo lilimkwama kooni. Mwanamke amepita miaka hamsini, ameacha kabati lake la vyombo, ameacha ng'ombe aliyemlea tangu ndama, halafu kitu alichookoa ni maua? Katika maisha yake Ruguru alikuwa hajaona mtu anayekimbia nyumba akiwa amebeba maua. Akajiambia kwamba iko sababu, na kwamba sababu hiyo itajitokeza yenyewe, mradi yeye akae macho.

Gachoki, mumewe, hakuonekana kushangaa. Alikuwa mtu mpole, mzee wa kanisa, ambaye majirani walimwita kusuluhisha ugomvi wao kwa kuwa hakuwa mwingi wa maneno. Alimpa dada yake nyumba ya mbao ya marehemu baba yao, mzee Ngari. Nyumba hiyo ilikuwa nyuma ya boma, chini ya miti mitatu mikubwa ya muringa na mparachichi mzee, mahali penye kivuli kutwa nzima. Shamba lao lote pale juu ya Kianjokoma lilikuwa la udongo mwekundu, kahawa upande wa chini na chai upande wa msitu, lakini chini ya miringa udongo ulikuwa mweusi kama makaa yaliyopondwa, kwa majani yaliyooza tangu enzi za babu. Na pamoja na weusi wote huo, hapakuwa na kitu kilichostawi pale. Ruguru alishajaribu sukumawiki, ikarefuka shingo ikilitafuta jua hadi ikaanguka. Akajaribu viazi, akavuna majani.

Hata hivyo alikuwa na mpango napo. Kijana wao, Ngari, aliyepewa jina la babu yake, alikuwa akifanya kazi katika shamba moja la maua kule Timau, na siku moja angeoa na kutaka kujenga. Miringa ingekatwa, ingetoa mbao za kutosha, na nyumba ya mtoto ingesimama pale pale, karibu na jiko la mama yake. Ruguru hakuwahi kuutamka mpango huo mbele ya mtu, lakini kwake ulikuwa umekwisha kupita.

Na siku hizi mambo ya ardhi yalikuwa yamebadilika. Redioni walisema kila mara kwamba binti ana haki sawa na mwana. Ruguru hakuwa na ubishi na hilo, mradi liwe la mabinti wa boma la watu wengine. Yeye mwenyewe hakupewa hata hatua moja ya shamba la baba yake, wala hakuomba. Lakini ng'ambo ya mto mama mmoja alikuja kwa kaka yake kupumzika kidogo, akapumzika, na msimu wa kahawa haujaisha ndugu hao wakaanza kuonana kortini.

Mwezi wa Februari Wanja alianza kazi chini ya miringa. Ruguru alimwona kupitia dirisha la jiko akiparua majani makavu na kuyaweka kando, akichimba, akichanganya samadi iliyokauka, akirudisha majani juu. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia, akaenda na bakuli la githeri kama kisingizio.

Vile vitunguu vilikuwa vimetandazwa juu ya gunia, vikubwa kama ngumi, na kila kimoja kilikuwa na madoadoa mekundu shingoni.

"Ulivitoa wapi hivi?"

"Kando ya barabara. Walikuwa wanapanua barabara kule juu karibu na msitu, tingatinga likawa linayasaga tu. Nikayaokota. Nimekaa nayo miaka sita."

"Na hapa yatamea? Hapa hapamei kitu, mimi nimejaribu."

"Haya ni ya kivuli, Mama Ngari. Ukiyapeleka juani yanababuka. Hapa ndipo kwao." Wanja alichukua kitunguu kimoja, akakiweka shimoni, akasukuma udongo kwa vidole hadi shingo ikabaki nje. "Hii shingo lazima ione hewa. Ukizika yote inaoza. Na ukishapanda usisumbue tena. Haya hayapendi kuhamishwa-hamishwa." Kisha akainua macho. "Halafu, mbuzi wasifike huku. Hiki kitunguu ni sumu."

Ruguru alirudi jikoni huku bakuli likiwa bado mkononi. Sumu. Amekuja na sumu, ameipanda hatua chache kutoka mahali wanapopikia, na anaisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Tangu siku hiyo mbuzi wake wawili walifungwa upande wa pili wa boma, na Ruguru akawa anaosha mboga zake mara mbili.

Mvua ya masika ilikuja na fujo mwishoni mwa Machi. Asubuhi moja ya Aprili, Ruguru alipokuwa akipeleka ng'ombe mtoni, alitupa jicho chini ya miringa na miguu ikasimama yenyewe. Maua yalikuwa yametoka. Hayakutanguliza majani kama maua ya watu wengine. Ni mashina matupu tu yaliyochomoza ardhini, na juu ya kila shina mpira mwekundu wa sindano nyororo, mkubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Katika giza lile la kivuli yaling'aa kama taa za breki.

Lakini si uzuri uliomsimamisha. Ni jinsi yalivyokaa. Februari, majani makavu yalipofunika kila kitu, hakuna aliyeweza kuona jinsi yalivyopangwa. Sasa yalionekana. Yalianzia shina la muringa wa kwanza na kushuka hadi kwenye ua wa michongoma, yamenyooka kama uzi uliovutwa. Upande mmoja ilibaki nyumba ya Ruguru. Upande wa pili, nyumba ya mbao, mparachichi, miringa miwili, na pale mahali pa nyumba ya kijana wake.

Mchana huo jirani yake Jedidah alikuja kuazima kinu. Walikuwa pamoja katika chama cha akina mama kanisani, na Jedidah hakuwa mtu wa kuona jambo akaliacha lilivyo. Alisimama kwenye ukingo wa kivuli, mikono kiunoni.

"Mama Ngari, haya nani alipanda?"

"Wanja."

"Na mlimwonyesha pa kupanda, ama alijichagulia?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Mimi sisemi kitu," Jedidah alisema, akiwa tayari kusema. "Lakini zamani wazee wetu walikuwa wanapanda nini kwenye mpaka? Si itoka? Ua la kitunguu, halifi kwa kiangazi, halihami, na ukiling'oa ni kesi. Hili si itoka, ni dada yake. Mtu wa kupanda maua ya kufurahisha macho anayapanda mviringo, ama anayamwaga tu. Nani hupamba boma kwa kamba?"

Ruguru alicheka kidogo ili Jedidah asiusome uso wake. Jedidah alipoondoka na kinu, alibaki amesimama pale pale, akiufuata mstari kwa macho.

Jioni alimwuliza mumewe. Gachoki alikuwa akivua gambuti zake za mpira mlangoni.

"Baba Ngari, umeona maua ya dada yako?"

"Nimeona. Yamependeza."

"Umeona yamepangwa vipi?"

Gachoki aliinama kutafuta soksi iliyobaki ndani ya gambuti. Aliitafuta kwa muda. "Ni maua tu, mama," akasema. "Kila mtu na mkono wake wa kupanda." Kisha akauliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Ruguru aliona kwamba mumewe amefumbwa macho. Mtu mpole ndivyo alivyo, alijiambia. Dada yake anampimia ardhi mbele ya pua yake na yeye anasifu rangi. Basi kama ni kulinda boma hili, atalinda peke yake.

Akaanza kulinda. Wanja aliposimama chini ya miringa akiongea na simu, Ruguru alikumbuka kuni zilizohitaji kupangwa karibu. Wanja alipokwenda Embu mjini, Ruguru alijiuliza ni nani anayemwona huko, na kwa nini anavaa viatu vizuri. Mara mbili alimkuta ameinama kwenye mstari, anang'oa kwekwe, na mara zote mbili Wanja alishtuka na kujipangusa mikono haraka, kama mtu aliyefumaniwa. Jambo lililomsumbua Ruguru zaidi ni heshima ya yule mwanamke. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alimletea maziwa ya kwanza, alimfulia mablanketi bila kuombwa, na akimsalimia alimtazama kwa namna ya kumchunguza, kama anayengoja jibu la swali ambalo hakuliuliza. Mtu hafanyi hivyo bure, Ruguru alisema moyoni. Huo ni upole wa mtu anayetaka kitu.

Kufikia Juni maua yalikuwa yameanguka na majani yametoka, mapana, ya kijani kibichi, na mstari ukawa mnene kuliko mwanzo. Baridi ya ukungu iliposhuka kutoka mlimani mwezi wa Julai, Ruguru alikata shauri kuupata ukweli kwa njia yake mwenyewe.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Kama haya ni maua tu, mtu hatajali moja likihama kidogo. Huenda hata asigundue. Lakini kama ni mpaka, atajali. Na atalirudisha.

Siku hiyo Wanja alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Runyenjes kumwona binti yake aliyejifungua, na kwa kawaida safari zake ziliisha jioni. Gachoki alikuwa kwenye majani chai. Ruguru alichukua jembe, akaenda hadi mwisho wa mstari, kule kwenye michongoma, akachimba mche wa mwisho kwa uangalifu pamoja na bonge lake la udongo. Akausogeza hatua mbili ndefu kuelekea nyumba ya mbao. Akafukia, akarudisha majani makavu, akafuta nyayo zake kwa tawi. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, na hilo likamkasirisha, maana hapo ni kwake.

Ukungu ulikuwa mzito na manyunyu yakaanza mapema. Hakusikia hatua za mtu kupita nyuma ya nyumba, wala hakutoka kuangalia.

Asubuhi, kabla hajawasha moto, alijifunga leso kichwani akaenda. Mche ulikuwa umerudi. Ulikuwa umesimama pale pale ulipokuwa, sawasawa na wenzake, udongo umeshindiliwa kwa uangalifu kuuzunguka, na jani moja lililokuwa limevunjika limetegemezwa kwa kijiti.

Ruguru aliinama akakigusa kijiti. Kwa hiyo ni kweli. Yote ni kweli. Miezi hii yote alikuwa akijiona mwovu kidogo kila alipomshuku mwanamke aliyekimbia ndoa mbovu, na sasa hapa, mbele yake, ushahidi umeshikizwa kwa kijiti.

Alingoja. Wanja hakuonekana asubuhi yote. Mlango wa nyumba ya mbao ulikuwa umefungwa, na Ruguru akaamini amejificha. Ilipofika karibu na saa sita alimsikia kwenye tangi la maji. Akatoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko.

"Wanja. Leo tuongee kama watu wazima. Huu mstari wako ni wa nini?"

Wanja alikuwa ameinama akiosha tope viatuni. Aliinuka polepole. "Mstari gani?"

"Usinifanye mtoto. Jana nilihamisha ua moja. Mimi, kwa mikono yangu. Nilitaka kujua kama ni maua ama ni mpaka. Na leo asubuhi limerudi mahali pake. Umelirudisha! Sasa niambie ni maua."

"Umehamisha?" Wanja alisema, na sauti yake ikapanda. "Mwezi huu, na majani yake yote? Mama Ngari, litaoza! Kwa nini hukuniuliza?"

"Nijibu!"

"Nikujibu nini? Mimi nimelala Runyenjes. Mtoto alikuwa na homa, nikabaki. Nimeshuka barabarani saa hii, angalia begi langu, hata sijafungua mlango."

Begi lilikuwa kweli pale kando ya tangi, limelowa manyunyu, na tiketi ya gari ilikuwa imechomekwa mfukoni mwake. Viatu vya Wanja vilikuwa na tope jekundu la barabarani hadi kwenye vifundo.

Kama si Wanja, ni nani? Jedidah hafiki nyuma ya boma bila kuita. Mbuzi hawasimiki miche. Ruguru aligeuka, bila kujua anatafuta nini, na macho yake yakaangukia mlango wa jiko. Gachoki alikuwa ameenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwa viatu vyake vizuri, na gambuti zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Aliziendea, akaziinua. Huko kwenye chai udongo ni mwekundu. Kwenye kahawa ni mwekundu. Njia nzima ya kwenda na kurudi ni nyekundu. Nyayo za gambuti zile zilikuwa zimejaa udongo mweusi, na vipande vya majani ya muringa vilikuwa vimenata juu yake.

"Wanja," alisema, na safari hii hakupaza sauti. "Nani alikuonyesha pa kupanda?"

Wanja alimtazama kwa namna ile ile ya siku zote, ile ya kungoja. "Ni Gachoki, si unajua," akasema. "Tulivuta kamba na yeye, ile Jumamosi ulikuwa umeenda mazishi kwa kina mama yako. Akaniambia kuanzia muringa hadi kwenye ua, huku chini ni kwangu, nikae hadi Mungu aniite. Akasema mmeshaongea. Akasema umekubali." Aliliokota begi lake lililolowa. "Mimi nimekuwa nikikuangalia, nikishangaa. Mtu amekubali jambo kubwa hivyo na hasemi neno hata moja? Nikasema huyu ananiwekea kitu moyoni. Nimekuwa nikikuogopa, Mama Ngari. Hata chai yako nilikuwa naiangalia kwanza."

Wanawake wawili walisimama pale kando ya tangi, maji yakidondoka kwenye bomba ambalo hakuna aliyekumbuka kulifunga. Ruguru alikumbuka mboga alizoosha mara mbili mbili miezi yote hiyo. Kisha akazitazama gambuti alizoshika, na hasira iliyompanda haikuwa na jina la Wanja.

Gachoki alirudi kula chakula cha mchana akamkuta mkewe ameketi kwenye kiti mlangoni, gambuti zake zikiwa mapajani.

"Keti," alimwambia.

Akaketi kwenye gogo.

"Umeniambia nimekubali jambo gani, Baba Ngari? Nikumbushe, maana mimi nimesahau."

Gachoki alitazama gambuti, akatazama nyumba ya mbao, akavua kofia yake. "Baba alinisihi kabla hajafa," akasema. "Alisema Wanja akirudi, asikose pa kuweka kichwa. Nilikuwa nikingoja siku nzuri ya kukuambia."

"Januari haikuwa na siku nzuri?"

"Ungekataa."

"Huenda ningekataa. Huenda ningelia siku mbili halafu nikubali. Sasa hutajua, kwa sababu hukuniuliza. Ulienda kwa dada yako ukampa neno langu. Neno langu, Gachoki! Umenitoa kinywa ukakivaa." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake. "Umeniacha nimshuku mtu asiye na hatia tangu masika. Nimelala nikimshuku, nimeamka nikimshuku. Na wewe ulikuwa unaona. Jana ulikuja kwenye manyunyu ukarudisha mche, ukaweka na kijiti, ukaingia ndani ukala chakula changu, ukaniuliza kama nimeshinda vizuri."

"Nilifikiri ni mbwa amefukua," Gachoki alisema.

"Ulifikiri ni mbwa?"

Wote wawili walijua kwamba mbwa hafuti nyayo kwa tawi.

Ruguru hakuondoka nyumbani, ingawa Jedidah, alipopata habari, alimshauri hivyo. Alipika, alikamua, alikwenda kanisani na kuketi upande wake. Lakini hakuzungumza na mumewe ila kwa mambo ya ng'ombe, na alitoa sharti moja tu: kijana wao aitwe, na Gachoki aliseme jambo hilo kwa kinywa chake, mbele ya watu wote wa boma, akianzia mwanzo.

Ngari alikuja kutoka Timau mwisho wa mwezi, akiwa amevaa jaketi zito la kazini. Waliketi sebuleni, Wanja karibu na mlango kama mtu aliye tayari kutoka. Gachoki alisema. Alisema vibaya, akirukaruka, lakini alisema yote, hata la kamba na mazishi. Alipomaliza, Ruguru naye akautoa mpango wake wa miringa na nyumba.

Ngari alishangaa. "Mum, mimi nijenge pale? Pale ni giza tupu, hata nguo haziwezi kukauka. Kama ni kujenga nitajenga kule juu karibu na barabara." Akamgeukia Wanja. "Shangazi akae. Na hayo maua niliyaona mwezi wa Aprili yakiwa yamechanua, sisi kule tunakuza ya kupeleka ng'ambo lakini hakuna linakaa hivyo."

Ruguru aliumia. Nyumba aliyokuwa ameijenga kichwani kwa miaka ilibomolewa kwa sentensi moja, tena na yule aliyemjengea. Lakini alikuwa mtu wa haki akishaambiwa ukweli. Aliomba kitu kimoja: njia ya kupitisha ng'ombe kwenda mtoni. Kamba ya Gachoki ilikuwa imepita karibu mno na banda la ng'ombe, na ng'ombe wawili hawangepishana. Mstari usogee, kuanzia katikati hadi kwenye michongoma.

"Ni haki," Wanja alisema. "Nitausogeza. Lakini si sasa. Ukiyahamisha na majani yanaoza. Tungoje yalale."

"Yatalala lini?"

"Kiangazi kikishika. Majani yakikauka yenyewe."

Ruguru akakubali, na tangu siku hiyo akaingia katika kungoja kulikokuwa kugumu kuliko kushuku. Agosti ilipita, majani yakiwa bado ya kijani. Ule mche aliouhamisha yeye, na ambao mumewe aliurudisha, ulilegea, ukanyauka, na Wanja alipoufukua kitunguu kilitoka laini, kinanuka. Hakulalamika, alikitupa kwenye shimo la takataka na kunawa mikono. Septemba nayo ikaanza. Jedidah akauliza kando ya kanisa, "Mpaka umeshahama, ama majani bado yanakataa?" na Ruguru akamjibu kwamba mambo ya boma lake yana wenyewe. Lakini asubuhi iliyofuata alikwenda kuchungulia chini ya miringa, akashika jani kwa vidole kuona kama kweli linaelekea kuwa la manjano au anadanganywa tena.

Kisha asubuhi moja kavu Wanja alisimama mlangoni mwa jiko, magoti tayari yana vumbi.

"Mama Ngari, kuja na kamba. Na yeye akuje."

Walifanya kazi hiyo watatu. Gachoki alishika ncha moja ya kamba kwenye muringa, Ruguru akashika ya pili, akaipeleka kule alikotaka, akapima kwa macho upana wa ng'ombe wawili, akafikiri, akarudi nyuma nusu hatua.

"Hapa panatosha," alisema.

"Uko sure?" Wanja aliuliza. "Mimi sitaki kuyasumbua mara ya pili."

"Panatosha."

Wanja alifukua vitunguu kimoja baada ya kingine. Vingine vilikuwa vimezaa vitoto pembeni, akavitenga na kuvipanda nyuma ya nyumba ya mbao, bila mpango wowote, kimoja hapa kingine pale. Ruguru alimpokeza samadi. Hawakuongea mengi. Wanja alipompa kitunguu kimoja akiweke mwenyewe, Ruguru alikizika chote kwa mazoea ya viazi, na Wanja akautoa udongo taratibu kwa kidole hadi shingo ikaonekana. Baadaye, kabla ya kumenya ndizi, Ruguru alinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Sumu ni sumu.

Kwa Wanja mambo yalitulia hivyo. Hawakuwa marafiki wa kushikana mikono, lakini Ruguru aliacha kupanga kuni pale zisipohitajika, na Wanja aliacha kumfulia mablanketi. Kwa Gachoki ilikuwa kazi nyingine. Ruguru alikuwa amegundua kwamba yule mtu mpole asiye na maneno mengi alikuwa na maneno mengi aliyoyaficha, na sasa kila ukimya wake ulimfanya asimamishe kisu juu ya kitunguu na kusikiliza. Gachoki naye alijua. Alianza kuja jikoni jioni na kuripoti, akiwa amesimama wima kama mtoto aliyetumwa dukani.

"Mama Ngari," alisema siku moja, kofia mkononi, "nimemwazima jirani Gichovi wilibaro ya kubebea samadi. Atarudisha kesho."

Ruguru aliendelea kupepeta maharagwe. Makapi yaliruka, upepo wa kutoka msituni ukayachukua.

"Wilibaro tu?" aliuliza.

"Wilibaro tu."

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kuanzia usoni hadi kwenye nyayo za gambuti.

"Haya," akasema. "Leta kiti, ukae, uniambie na mengine."